Pamanganeti na vifaranga wa samaki: pima maji kabla ya kupima dawa

Saa moja asubuhi kijana anayenisaidia kulisha aliniita kutoka kwenye matangi. "Kaka, tangi la pili bado lina rangi." Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeweka pamanganeti mle, gramu 10 kwenye maji ya mita za ujazo mbili na nusu, nikaenda kulala na amani yangu. Kwa nilivyozoea bwawani, rangi ya dawa hii huisha kabla hujamaliza kuosha ndoo. Nilipofika nilikuta maji ya waridi yanang'aa hadi chini, kama juisi ya rosela iliyozimuliwa, na sakafuni kumetanda weupe wa matumbo ya vifaranga wa kambale. Waliobaki hai walikuwa wamejibana karibu na jiwe la hewa, wanahema. Nilimshika mmoja nikamfunua shavu: mahali pa wekundu palikuwa na kahawia, na ute mzito kama uji.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hesabu nilikuwa sijakosea. Wiki mbili kabla niliweka kipimo kile kile, gramu 4 kwa kila mita ya ujazo, kwenye bwawa la udongo lenye maji ya kijani, na vifaranga wa mle wakapona vizuri. Tangi lilikuwa na maji ya kisima, meupe kabisa. Dozi ilikuwa moja, maji yalikuwa mawili.

Naandika kwa ajili yako uliye na vifaranga wa kambale, sato au perege, na pakiti ya pamanganeti iko mkononi. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujaifungua.

Maji hula dawa

Pamanganeti ya potasiamu ni chengachenga za zambarau iliyokolea, karibu na weusi. Kazi yake ni kuunguza. Huunguza bakteria, ukungu, vimelea wadogo wa ngozi, mwani, mabaki ya chakula, kinyesi na tope laini. Huunguza pia ngozi ya samaki na matamvua yake, yale ambayo wengi tunayaita mashavu. Haichagui. Na kila inapounguza kitu, yenyewe inaisha: zambarau inakuwa waridi, waridi inakuwa kahawia. Ile kahawia ni oksidi ya manganizi, mabaki ya dawa iliyokwisha kufanya kazi.

Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye pakiti haitoshi peke yake. Kwenye bwawa zito, sehemu kubwa ya dawa huliwa na mwani na uchafu kabla haijamfikia samaki. Kwenye tangi la maji safi hakuna cha kuila isipokuwa samaki wenyewe. Miligramu chache tu kwa lita, zikiachwa siku nzima kwenye maji safi, zinatosha kuua vifaranga. Kiasi hicho hicho kwenye bwawa la kijani kinaweza kuisha ndani ya dakika chache na ugonjwa ukaendelea kama kawaida. (Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa mita ya ujazo. Nitatumia vyote viwili.)

Vifaranga huumia kuliko samaki wakubwa kwa sababu zilizo wazi ukiwatazama. Mwili ni mdogo lakini ngozi yake, ukilinganisha na uzito, ni kubwa. Ngozi ni nyembamba, na kambale hana magamba ya kumkinga. Sehemu ya hewa anayovuta huipata kupitia ngozi hiyo hiyo. Kambale mkubwa tunamsifu kwa kuvuta hewa ya juu hata kwenye tope, lakini kiungo kile cha kuvutia hewa hakijakamilika katika wiki zake za mwanzo, hivyo matamvua yakiungua hana mlango mwingine. Kwa mayai, na kwa wachanga ambao bado wana kiini tumboni, dawa hii mimi siweki kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha wanaumwa kitu ambacho dawa hii inakitibu

Nusu ya watu wanaoniuliza kuhusu pamanganeti hawaihitaji. Samaki wanahema juu ya maji alfajiri, mtu anakimbilia dawa. Kuhema alfajiri, kisha kutulia jua likipanda, ni dalili ya oksijeni kupungua usiku. Kuna imani ya siku nyingi kwamba pamanganeti huongeza oksijeni. Haiongezi. Inaua mwani, mwani ndio unaotoa oksijeni mchana, na mwani uliokufa ukioza unaila oksijeni iliyobaki. Ukiiweka kwenye bwawa lililoishiwa hewa unawamalizia.

Kwa hiyo kwanza pima oksijeni kama una kifaa, pima amonia (sumu itokanayo na kinyesi na chakula kinachooza) na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kwa vipimo vya matone au vya karatasi, angalia kama chakula kinabaki, punguza msongamano, badilisha sehemu ya maji. Mara nyingi hadithi inaishia hapo.

Pamanganeti inafaa kwa maradhi ya nje ya mwili: mapezi yanayochanika na kuoza, baka jeupe au la kijivu mgongoni lililokaa kama tandiko la punda, nyuzi za ukungu kama pamba, vimelea wa ngozi na matamvua wanaowafanya samaki wajisugue ukutani. Kwa ugonjwa ulio ndani ya mwili, kama tumbo kujaa maji au macho kutokeza, haifanyi lolote. Ukiweza, mpelekee afisa uvuvi wa wilaya vifaranga wawili watatu wakiwa hai kwenye mfuko wenye maji, watazamwe kwa darubini. Aliyekufa tangu jana hana cha kuonyesha.

Na jaribu chumvi kwanza. Chumvi ya kawaida, gramu 2 hadi 3 kwa lita ya maji ya tangi, ni tiba ya upole, huwapunguzia vifaranga mzigo na huwasumbua vimelea wengi. Kwa tangi hiyo ni gharama ndogo. Kwa bwawa ni magunia, na hapo ndipo pamanganeti inapopata nafasi yake.

Hatua ya 2: Dawa, mizani na vyombo

Nunua kwa muuzaji anayetambulika. Kwa Tanzania wauza kemikali husajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na una haki ya kuuliza. Dawa nzuri ni chengachenga kavu zenye mng'ao kama wa chuma. Iliyogeuka unga wa kahawia imekwisha nguvu, na ubaya wake ni kwamba utaongeza kipimo ukidhani dawa ni hafifu, kisha pakiti inayofuata ikiwa nzima unaua samaki. Itunze kwenye chombo cha plastiki au kioo kinachofunga, gizani, mbali na watoto, mbali na mafuta, sukari, spiriti na glisirini. Ikikutana na glisirini inawaka moto bila kiberiti. Na usiichanganye kamwe na fomalini, wala kwenye ndoo, wala kwenye bwawa lililowekwa fomalini jana.

Mizani isiwe ya jikoni. Tafuta ile ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya gramu. Siku hizi bei yake haizidi ya mfuko mdogo wa chakula cha vifaranga. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakipima kwa kijiko. Kijiko cha chai kilichojaa kinapita gramu 5, na kwa tangi langu la mita za ujazo mbili na nusu, gramu 5 tayari ni miligramu 2 kwa lita. Kijiko kimoja, tangi zima.

Utahitaji pia bomba la sindano la mililita 10, chupa saba za plastiki angavu zinazoingia zaidi ya lita moja, ndoo nne, karatasi nyeupe, saa, glavu, na shati usilolipenda, maana doa lake halitoki. Kila chombo kiwe cha plastiki. Ndoo ya bati iache.

Hatua ya 3: Ujazo wa maji, kwa futi kamba na si kwa macho

Bwawa la mita 20 kwa 15 kila mtu anajua kulizidisha: 300. Kinachokosewa ni kina. Chukua fimbo yenye alama, ingia majini, pima sehemu tano kutoka upande wa kina kifupi hadi kirefu. Ukipata sentimita 60, 80, 90, 100 na 120, jumla ni 450, gawanya kwa tano, wastani ni 90. Hivyo 20 × 15 × 0.9 ni mita za ujazo 270. Aliyekadiria "mita moja na nusu hivi" angepata 450, na kila kipimo chake cha dawa kingezidi kwa theluthi mbili. Kingo zikiwa na mteremko, pima upana wa juu na wa chini kisha chukua wa kati.

Tangi la duara: nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14 mara kina cha maji. Tangi la upana wa mita 2 lenye maji ya sentimita 80 ni 1 × 1 × 3.14 × 0.8, yaani mita za ujazo 2.5. Pima kina cha maji yaliyomo leo. Urefu wa ukuta wa tangi usiuhesabu.

Hatua ya 4: Jaribio la robo saa

Hapa ndipo unapojua maji yako yanakula dawa kiasi gani. Ningelifanya jioni ile, vifaranga wangu wangeishi.

Tengeneza kwanza maji ya dawa ya kupimia: gramu 1 ya pamanganeti kwenye lita 1 ya maji yaliyochujwa kwa mvuke. Yanauzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu pembeni yake huwekwa tindikali ya betri kwenye chupa zinazofanana. Usitumie maji ya bwawa wala ya kisima kwa kazi hii. Yataanza kuila dawa ukiwa bado unakoroga. Kama mizani yako haiaminiki kwenye gramu moja, yeyusha gramu 10 kwenye lita 1, kisha chukua mililita 100 za hiyo ujazilize hadi lita 1. Unafika pale pale. Tengeneza mpya kila siku ya jaribio.

Sasa kila mililita 1 ya maji haya ina miligramu 1 ya dawa.

Chota maji ya bwawa au tangi sehemu tatu nne tofauti, yakiwa kiasi cha mkono chini ya uso, yachanganye kwenye ndoo safi. Jaza chupa saba, kila moja lita 1 kamili. Ya kwanza iache ilivyo. Zilizobaki weka kwa bomba la sindano mililita 1, 2, 3, 4, 6 na 8. Tikisa taratibu, zipange kivulini mbele ya karatasi nyeupe, tazama saa.

Dakika zile kumi na tano zinafundisha kuliko semina. Chupa zote sita zinaanza na rangi. Kwenye maji ya bwawa la kijani, ya kwanza kati ya hizo sita, ile ya mililita 1, inafifia mbele ya macho yako, inapita kwenye rangi ya kitunguu, inaishia kahawia ya chai ya mkandaa. Ya pili inaifuata. Ya tatu inasita. Kwenye maji ya kisima hakuna kinachotokea: chupa yenye mililita 1 inabaki na waridi yake hata baada ya saa nzima, na ukiitazama hivyo unaelewa samaki wangu walilala ndani ya nini.

Ikitimia robo saa, tafuta chupa yenye dawa kidogo kuliko zote ambayo bado ina waridi. Tuseme ni ile ya mililita 2. Hicho ndicho kiasi ambacho maji yanakula: miligramu 2 kwa lita. Kanuni inayotumika kwa mabwawa ni kuzidisha namba hiyo kwa 2.5. Hapa inakuja 5, yaani gramu 5 kwa mita ya ujazo, na kwa bwawa letu la 270 ni gramu 1,350. Aliyesikia tu kwamba "pamanganeti ni gramu 2" angeweka 540 na zingeliwa zote kabla ya kugusa ugonjwa.

Hata chupa ya mililita 1 ikibaki na waridi, huenda maji yanakula chini ya hapo; na ukizidisha ikaja chini ya 2, kanuni ya mabwawa inasema weka 2. Kwa vifaranga kwenye tangi la maji safi mimi siichukui hivyo. Naanza na 1, sipiti 2, na siachi ilale: baada ya saa nne nabadilisha maji. Kuna pia dozi ya kuogesha inayotajwa sana, miligramu 10 kwa lita kwa dakika 30. Hiyo waachie samaki wakubwa walio na afya ya kuihimili.

Na kama jaribio linaonyesha hata chupa ya mililita 4 imepoteza rangi, usishangilie kwamba unaweza kuweka dawa nyingi. Bwawa hilo limejaa uchafu. Punguza chakula, toa maji ya chini, ingiza mapya, rudia jaribio baada ya siku chache. Ukishindana na uchafu kwa pamanganeti utaua mwani wote kwa siku moja, na usiku wake ndio utakaowaua samaki.

Jaribio lifanyike siku ile ile ya tiba. Mvua ya usiku mmoja, au siku mbili za kulisha kupita kiasi, hubadilisha namba.

Hatua ya 5: Waulize samaki wenyewe

Chupa zimekuambia habari za maji. Bado hujui habari za vifaranga wako, ambao tayari ni wagonjwa. Hatua hii watu huiruka kwa sababu inachukua siku nzima, na ninawasihi wasiiruke.

Chukua ndoo tatu, kila moja lita 10 za maji ya bwawa au tangi lile lile, na bomba la hewa kwenye kila ndoo. Weka vifaranga kumi kumi wa ukubwa unaolingana, wa kundi lile lile. Waache saa moja watulie. Ndoo ya kwanza usiweke dawa. Ya pili weka kipimo ulichopata. Ya tatu weka mara mbili yake. Kwa maji yako ya kupimia hesabu ni nyepesi: kwenye lita 10, kila mililita 10 ni miligramu 1 kwa lita. Kipimo cha 5 ni mililita 50, mara mbili yake ni 100.

Kaa nao nusu saa ya kwanza, kisha pita kila saa hadi jioni, na asubuhi tena. Kama tangini unakusudia kubadilisha maji baada ya saa nne, basi na ndoo zibadilishwe baada ya saa nne. Hesabu waliokufa, lakini tazama pia walio hai: mashavu yanapiga haraka kuliko ya ndoo ya kwanza? Wanaruka? Wanalala ubavu? Wanatoa ute unaoning'inia kama uzi?

Ndoo ya pili ikifanana na ya kwanza, na ya tatu ikawa na usumbufu mdogo tu, una nafasi ya kupumulia. Ndoo ya tatu wakifa wengi lakini ya pili wako salama, kipimo chako kiko ukingoni: hakikisha ujazo uliupima sawasawa, maana kosa dogo tu litakupeleka kwenye ndoo ya tatu. Ndoo ya pili akifa hata mmoja huku ya kwanza wote wazima, punguza na uanze upya. Na ndoo ya kwanza wakifa, isiyo na dawa, shida iko kwenye maji au kwenye ugonjwa wenyewe. Rudi hatua ya 1.

Ukiweza waache ndoo ya pili siku nne, ukiwabadilishia maji. Matamvua yaliyoungua huua polepole, na kifaranga anayeogelea vizuri jioni ya kwanza anaweza kufa siku ya tatu.

Hatua ya 6: Siku ya kuweka dawa

Usiwalishe kuanzia jana yake. Chagua asubuhi yenye jua, kati ya saa mbili na saa nne, siku ambayo utakuwepo hadi kesho yake. Siku ya mawingu mazito ahirisha. Alasiri nayo iepuke kwenye maji ya kijani, kwa sababu mwani ukifanya kazi juani pH hupanda, mara nyingine hupita 9, na kwenye maji ya namna hiyo ile oksidi ya kahawia huganda zaidi juu ya matamvua. Kifaa cha kuingiza hewa, au pampu ya kurusha maji, kiwe tayari na kimejaribiwa.

Kabla ya hapo rudia jaribio la robo saa, kwa kuwa jana imeshapita. Kama namba imebadilika sana, usiweke.

Yeyusha dawa yote. Pamanganeti huyeyuka kidogo kidogo, kiasi cha gramu 60 kwa lita kwenye maji ya joto la kawaida, kwa hiyo gramu 1,350 zinataka pipa la maji, angalau lita 60 kwa usalama. Koroga kwa mti, acha itulie, mimina taratibu uone kama chini kumebaki punje. Punje isiyoyeyuka huzama bwawani na vifaranga huidonoa.

Kwenye bwawa, nyunyiza pande zote kwa ndoo yenye matundu, ukizunguka ukingo kisha katikati kwa mtumbwi au kwa kuingia majini. Usimwage kwenye kona, maana kona ndizo vifaranga wanazokimbilia. Mimi huweka nusu, nasubiri nusu saa nikitazama, kisha naweka iliyobaki. Kwenye tangi, funga maji yanayoingia, acha hewa iendelee, mimina kwa vipindi ndani ya dakika kumi. Kama una mfumo wa kuzungusha maji, tenga chujio kabla, la sivyo bakteria wanaosafisha amonia watakufa na ndani ya siku chache amonia itakuletea msiba wa pili.

Nusu saa ya kwanza usiondoke. Simu iache ndani.

Bwawani, waridi ikidumu saa nane hadi kumi na mbili dawa imefanya kazi yake. Ikigeuka kahawia mapema mno, imeliwa; lakini siku hiyo usiongeze. Subiri wiki ipite, kisha pima upya. Tangini, baada ya saa nne ondoa maji na uingize mapya, hata kama samaki wanaonekana wazima. Jioni ya tiba na usiku wake washa hewa bila kusubiri dalili.

Hatua ya 7: Wakianza kuzidiwa

Dalili ya kwanza ni mashavu kupiga haraka na vifaranga kusogea kwenye maji yanayoingia. Kisha wanarukaruka, wanapoteza mizani, wanageuka. Usisubiri wageuke.

Ongeza hewa, fungua maji mapya, toa ya zamani. Tangini hilo linawezekana kwa dakika chache, na ndiyo sababu ya kutoanza tiba kama tangi la akiba halijajaa. Maji hayo ya akiba yawe ya kisima au yaliyokaa. Maji ya bomba yenye klorini ni sumu nyingine kwa vifaranga, na utakuwa umewatoa motoni ukawatia kaangoni.

Kinachoua nguvu ya pamanganeti papo hapo ni sodiamu thaiosalfeti, ile ile wanayotumia wafugaji kuondolea klorini. Iyeyushe pembeni, imimine kidogo kidogo hadi waridi iishe. Ukiona maji yamekuwa kahawia au yamerudi meupe, acha. Iwe ghalani kabla hujanunua pamanganeti yenyewe. Bila hiyo, ndoo kadhaa za maji ya kijani kutoka bwawa lenye samaki wazima zitaila dawa kwa haraka. Unaweza kuleta vimelea, lakini vifaranga wanaokufa sasa hivi hawana muda wa kungoja.

Hatua ya 8: Siku nne zinazofuata

Siku ya kwanza baada ya tiba walishe kidogo sana, robo ya kawaida. Kila asubuhi toa waliokufa, wahesabu, uandike. Funua mashavu ya wawili watatu: wekundu unaorudi ni habari njema, kahawia inayodumu au ute mweupe maana yake waache wapumzike zaidi. Pima oksijeni alfajiri, hasa bwawa likianza kupoteza ukijani wake. Usiwavue, usiwahesabu upya, usiwauze wala kuwasafirisha wiki hiyo. Mteja akikusukuma mwambie ukweli, kwamba vifaranga wametoka kwenye dawa.

Tiba isirudiwe kabla ya wiki kupita, na ikirudiwa ianze na chupa saba, kama vile hujawahi kuyaona maji hayo.

Kwenye daftari andika tarehe, ujazo, hali ya hewa, pH, chupa iliyobaki na waridi, kipimo ulichoweka, muda rangi ilipoisha, na vifo vya kila siku hadi ya nne. Maji ya tangi yenye rangi usiyafungulie mtoni wala kwenye mfereji unaokwenda kwa jirani. Yahamishie kwenye shimo au pipa lenye tope na majani, yaache hadi yawe kahawia kabisa, kisha yamwage shambani mbali na kisima.